Waraka wa wazi kwa Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar: Wapimeni vijana wanaoruka

Kwa Katibu Mtendaji,
Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar,
Unguja.

Nakala: Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali Zanzibar; Chama cha Riadha Zanzibar.

YAH: MASHIMO YA MCHANGA, WALIMU NA DAFTARI KWA VIJANA WA MIRUKO

Ndugu Katibu,

Nakuandikia kwa niaba ya vijana wetu wanaoruka: wa kuruka chini, wa kuruka juu na wa miruko mitatu. Nimechagua waraka wa wazi kwa kuwa jambo hili si la Baraza peke yake. Linawahusu wazazi, walimu wakuu, masheha na kila mwenye gari la mchanga na moyo wa kusaidia.

Ombi langu naliweka mbele mapema. Kila wilaya ya Zanzibar ipate angalau shimo moja la kurukia lililochimbwa kwa vipimo, mwalimu mmoja aliyefundishwa kulitumia, na daftari moja la kuandikia miruko ya watoto. Unguja ina wilaya 7 na Pemba 4. Kwa hiyo naomba mashimo 11, walimu 11 na madaftari 11. Kwa kuanzia, hayo yanatosha.

Sababu ni hii. Katika mpira wa miguu, mwenye jicho atamtambua mchezaji hodari hata akimkuta anacheza uchochoroni. Mkimbiaji naye akiwaacha wenzake, uwanja mzima unamwona. Mrukaji hana wa kukimbizana naye. Anaingia peke yake, anaruka peke yake, na mshindani wake ni kipimo. Mtoto wa Makunduchi akiruka leo na wa Nungwi akiruka wiki ijayo, hatuna njia ya kuwalinganisha ila kwa mita na sentimita zilizoandikwa mahali. Mrukaji asiyepimwa hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote, hata kama mguu wake una nguvu za kushangaza. Na hapa kwetu, wengi hawapimwi.

Usinielewe vibaya kwamba natafuta vipaji visivyokuwepo. Nenda Forodhani jioni, maji yakiwa yamejaa. Utawakuta vijana wa makachu juu ya ukuta wa bahari, suruali zimerowa, watu wamejaa nyuma yao, wenyeji na wageni. Mmoja anarudi nyuma hatua chache, anainamisha kichwa kidogo, anaondoka kwa kasi. Mtazame mguu wake wa mwisho. Haupapasi wala haupunguzi mwendo; unakanyaga ukingo wa jiwe, unasukuma, na mwili wote unapanda kabla ya kugeuka na kushuka majini. Akitoka, anapanda tena ukutani na kuanza upya. Hakuna aliyemfundisha darasani kwamba kasi ya mbio lazima igeuzwe kuwa kimo kwa mkanyago mmoja, lakini mguu wake unalijua hilo. Mwalimu wa miruko hutumia muda mwingi sana kumzoesha mtoto asiogope kuukanyaga ubao akiwa katika kasi yake kamili. Watoto wa Mji Mkongwe wanafika wakiwa wameshaishinda hofu hiyo.

Makachu si kuruka chini, nalijua hilo. Maji humpokea mtu kwa namna ambayo ardhi haiwezi, na sisemi kwamba kila anayejirusha baharini atakuwa bingwa. Ninachosema ni kwamba nguvu, ujasiri na wepesi vimejaa katika mji huu, na hakuna futi kamba inayovisubiri.

Nami ni mwalimu wa michezo, na niliyoyaona skuli ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye jina lake silitaji kwa kuwa bado ni mtoto. Siku ya michezo tulilima kipande cha ardhi kwa jembe, tukachora mstari wa chokaa badala ya ubao, tukaanza. Watoto walitua pale tulipolima. Yeye aliruka peku, akapita sehemu yote tuliyoilainisha, akatua kwenye ardhi ngumu iliyokuwa mbele yake. Wenzake walishangilia, yeye akabaki ameshika kifundo cha mguu. Aliuguza mguu ule kwa muda mrefu, na mzazi wake, kwa haki kabisa, akawa mgumu kumruhusu tena. Tulimwadhibu mtoto kwa kuruka mbali kuliko tulivyomtarajia. Kwa mrukaji chipukizi, hatari kubwa haiko angani. Iko pale anapotua.

Ndugu Katibu, tujiulize pia ni mchezo upi wa riadha unaoifaa ardhi yetu. Taifa letu limejulikana kwa mbio. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow 1980. Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Tunajivunia wote. Lakini mbio ndefu zinapenda nyanda za juu, zenye hewa nyepesi inayoujenga mwili wa mkimbiaji: Arusha, Manyara, Singida. Unguja yetu sehemu yake ya juu kabisa, kilima cha Masingini, haifiki hata mita 130 kutoka usawa wa bahari. Hatuwezi kuuinua mlima. Miruko haihitaji mlima. Inahitaji kasi ya muda mfupi, nguvu ya mguu na ufundi, na vyote vitatu hupatikana kwenye usawa wa bahari.

Visiwa vingine vimeshalithibitisha hili. Tarehe 3 Agosti 2024, katika Olimpiki ya Paris, Thea LaFond wa Dominica aliruka mita 15.02 katika miruko mitatu akachukua dhahabu, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yake. Dominica nzima ina watu wapatao 70,000, wachache kuliko wakaazi wa Wilaya yetu ya Mjini. Zanzibar, kwa sensa ya 2022, ina watu 1,889,773. Karibu na sisi zaidi, katika Bahari hii hii ya Hindi, Lissa Labiche wa Ushelisheli alifika Olimpiki ya Rio 2016 kwa kuruka juu. LaFond mwenyewe alihamia Marekani akiwa mtoto na huko ndiko alikokulia kimichezo. Hilo halipunguzi hoja yangu, linaiongezea uzito. Damu ya kisiwa kidogo alikuwa nayo tangu mwanzo. Shimo, ubao na mwalimu alivikuta kwengine.

Wala sisi wa Afrika Mashariki si wageni katika miruko. Mwaka 1954, kabla dunia haijatujua kwa mbio, Patrick Etolu wa Uganda alipata medali ya fedha ya kuruka juu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Vancouver, nyuma ya Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria. Na mwaka 2018, huko Asaba nchini Nigeria, Mathew Sawe wa Kenya alitwaa ubingwa wa Afrika wa kuruka juu kwa mita 2.30.

Lakini kisa ninachokirudia mara nyingi kwa wanafunzi wangu ni cha Donald Thomas wa Bahamas, nao ni watu wa visiwa. Mwaka 2006 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Lindenwood, Marekani, akicheza mpira wa kikapu. Wenzake wa riadha walimkebehi kwamba kudanki ni jambo moja na kuvuka mtambaa wa panya ni jengine. Akakubali kujaribu. Akavuka mita 1.98 akiwa na viatu vya mpira wa kikapu, wakapandisha, akavuka tena. Agosti 2007, huko Osaka, akawa bingwa wa dunia kwa mita 2.35. Watu hukitaja kisa hiki kama maajabu ya kipaji. Mimi nakiona kwa upande mwengine. Siku ile palikuwa na nguzo mbili zenye namba, godoro la kutulia na mtu wa kusoma kipimo. Vitu hivyo vingekosekana, Donald Thomas angebaki kijana anayeruka sana kwenye kikapu, na dunia isingemjua.

Sasa tuje kwenye shimo lenyewe, kwa sababu mambo haya hupotea tunapoyazungumza kwa jumla.

Njia ya kukimbilia inatakiwa iwe na urefu wa mita 40 au zaidi na upana wa mita 1.22. Ubao wa kurukia una upana wa sentimita 20 na, kwa kuruka chini, hukaa mita 1 hadi 3 kabla ya mchanga. Shimo huwa na upana wa mita 2.75 hadi 3, na kutoka kwenye ubao hadi mwisho wa mchanga isipungue mita 10. Kwa hiyo kipande cha ardhi cha mita 55 kwa mita 5 kinatosha. Skuli nyingi za mashamba zinacho. Na kwa skuli mpya za ghorofa zinazojengwa, naomba ukanda huo uwekwe kwenye ramani tangu mwanzo, kabla maegesho na uzio havijaumaliza uwanja.

Shimo la mita 9 kwa 3, lenye kina cha nusu mita, linameza mita za ujazo 13 na nusu za mchanga. Hapa ndipo Baraza linapoweza kutusaidia kwa namna ambayo mwalimu hawezi. Uchimbaji wa mchanga Zanzibar unadhibitiwa na Serikali, na ni haki udhibitiwe, kwani mchanga ukimalizika haurudi, na fukwe zetu zisichimbwe. Lakini mwalimu mkuu anayetaka mchanga wa shimo moja la skuli asilazimike kupita mlango ule ule wa mjenzi wa hoteli. Baraza liombe kibali kimoja kwa ajili ya mashimo yote 11, mchanga utoke kwenye machimbo halali, uchekechwe ili usiwe na kombe wala vipande vya matumbawe vinavyokata miguu.

Udongo nao si mmoja. Magharibi ya Unguja, kwenye ardhi ya mikarafuu na minazi, jembe linaingia. Jambiani na Makunduchi jembe linagonga jiwe. Huko shimo hupasuliwa kwa mtarimbo na nyundo, na kingo zake lazima zivishwe mbao au mipira chakavu ya gari, mtoto asije akaanguka juu ya jiwe tupu. Gharama yake ni kubwa zaidi, na isiwe sababu ya wilaya ya huko kuachwa nyuma. Watoto wa huko wanacho ambacho wa mjini hawana: maji yakipwa, bahari inawaachia uwanja mrefu wa mchanga mgumu wa kufanyia mazoezi ya kasi bila senti moja.

Na upepo tusiusahau. Kanuni za riadha zinasema mruko wa kuruka chini au wa miruko mitatu hauandikwi kama rekodi iwapo upepo wa mgongoni umezidi mita 2.0 kwa sekunde. Sisi tunaishi na kusi nusu ya mwaka na kaskazi sehemu kubwa ya nusu nyengine. Shimo likijengwa bila kufikiria hilo, kijana atasukumwa na upepo msimu mmoja na kuzuiwa na upepo msimu unaofuata, na kipimo chake hakitatuambia kweli. Dawa ni kuiweka njia kati ya mashimo mawili pale nafasi na fedha zinaporuhusu, ili watoto waruke kufuata upande unaofaa siku hiyo. Pale panapowezekana shimo moja tu, lijengwe mahali palipokingwa na miti au majengo. Kila wilaya ipate angalau kipima upepo cha kuazimana.

Baada ya shimo ni mwalimu. Zanzibar tunao ushahidi kwamba mwalimu mmoja anayebaki anaweza kuotesha mchezo mzima. Judo haikuwa mchezo wetu. Ilishika mizizi hapa kwa sababu Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliifanya Zanzibar kuwa kwao na akafundisha mwaka baada ya mwaka. Miruko inataka uvumilivu wa namna hiyo hiyo. Simwombi Katibu atuletee kocha kutoka ng'ambo. Naomba mwalimu mmoja wa skuli katika kila wilaya apelekwe kwenye mafunzo ya awali ya ukocha yanayotambuliwa na World Athletics, kisha aachwe katika wilaya yake, asihamishwe kabla hajakizaa kizazi cha kwanza cha warukaji. Ajue kuhesabu hatua za mbio, ajue kulainisha mchanga kabla ya kila zamu, ajue pia kusema hapana: miruko mitatu humtwisha mtoto mzigo mkubwa kwenye mguu mmoja, mara nyingi ya uzito wake, kwa hiyo mifupa ikiwa bado inakua ni kasi, michezo ya kuruka na ufundi ndivyo vinavyotangulia, siyo kumrudisha kwenye shimo mara hamsini kwa jioni.

Mwalimu huyo aipange ratiba kwa maisha yetu yalivyo. Watoto wetu wanatoka skuli wanaingia chuo cha Kurani, na baadhi ya skuli bado zina mikondo miwili. Muda unaobaki ni baada ya Alasiri hadi kukaribia Magharibi, na unatosha. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yapunguzwe. Mzazi akiona kwamba mchezo hauli sala wala chuo, atamruhusu mtoto wake, na atamruhusu wa kike pia.

Wasichana nawataja kwa makusudi. Mara nyingi wanaacha michezo pale pale mwili unapoanza kupata nguvu, kwa sababu hawaoni mahali pa stara pa kufanyia mazoezi. Vazi si kizuizi: mwaka 2016 huko Rio, Kariman Abuljadayel wa Saudi Arabia alikimbia mita 100 akiwa amejisitiri mwili wote. Kinachotakiwa ni mwalimu wa kike pale anapopatikana, chumba cha kubadilishia nguo, na saa zao wenyewe kwenye shimo. Dhahabu ya Dominica niliyoitaja juu ililetwa na mwanamke.

La tatu ni daftari, na pengine ndilo la maana kuliko yote. Jina, tarehe ya kuzaliwa, skuli, tarehe ya mruko, umbali au kimo, hali ya upepo, saini ya aliyepima. Kila mwezi nakala iende Chama cha Riadha, na mwisho wa mwaka Baraza litangaze orodha ya vijana bora wa kila umri, Unguja na Pemba. Mtoto atakayejiona ni wa sita atajua kuna watano wa kuwafikia. Atakayehama skuli hatapotea. Na tutakapokaribia Tamasha la Michezo ya Elimu Bila Malipo, linaloadhimisha tangazo la tarehe 23 Septemba 1964, au tutakapochagua timu ya kwenda mashindano ya skuli za sekondari ya UMISSETA, hatutaokota majina wiki ya mwisho. Tutafungua daftari.

Kuanzia hapo njia ipo. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, ya tarehe 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026, ndiyo michezo ya kwanza ya Olimpiki kuandaliwa katika ardhi ya Afrika, na baada yake yatafuata mashindano mengine ya vijana kila mwaka. Milango hiyo hufunguliwa kwa viwango vilivyopimwa na kuthibitishwa. Hugues Fabrice Zango alianza kuruka kwao Burkina Faso, akashindana na vipimo vyake vikajulikana, akaenda Ufaransa kusoma na kujiendeleza. Mwaka 2021 aliruka mita 18.07 ndani ya ukumbi, rekodi ya dunia, na mwaka huo huo akaipatia nchi yake medali ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya Tokyo. Mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia. Nchi yake haina bahari wala utajiri wa kutuzidi sana. Ilikuwa na mahali pa yeye kuanzia.

Ndugu Katibu, Serikali imeonesha kwamba ikitaka viwanja inaweza. Amaan, uliofunguliwa 1970, umefanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwisho wa 2023, na Zanzibar imepokea wageni wa bara zima. Kila tarehe 1 Januari wananchi wanatoka kwa wingi kufanya mazoezi kwa pamoja. Nia ipo na watu wapo. Shimo la mchanga ni jambo dogo mno mbele ya kazi hizo, na udogo wake usilifanye lisahauliwe mezani.

Kwa walimu wakuu: toeni ukanda wa mita 55. Kwa masheha: wahamasisheni vijana wachimbe wenyewe, tutakuwa nao. Kwa wenye magari na mabohari ya mbao: ubao mmoja na safari chache za mchanga ni sadaka itakayotumika miaka mingi. Kwa wazazi: mruhusuni mtoto aje apimwe, kisha muamue pamoja naye.

Na kwako, Ndugu Katibu: tuitishie kikao cha walimu wa michezo wa wilaya zote 11 kabla ya muhula ujao, mezani pawepo mambo matatu tu, kibali cha mchanga, majina ya walimu wa kufundishwa, na daftari. Tupe kibali, tutachimba sisi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa michezo,
Mji Mkongwe, Unguja.